Jina la Mbunifu

Jumamosi ya tatu mfululizo wanafunzi wanne walikaa sebuleni kwa Bi Mashuka wakitazamana kama watu waliofika msibani kabla ya wenye msiba. Mezani palikuwa na karatasi kubwa nyeupe, na ilikuwa nyeupe vilevile tangu Jumamosi ya kwanza. Chuo chao cha ufundi kilitaka kila kundi la mwaka wa mwisho libuni kitu cha kupunguza taabu ya watu wa jirani. Vyumba vya chuo hufungwa mwisho wa wiki, ndipo binti wa Bi Mashuka akawaambia wenzake, "Twendeni kwetu, mama hana neno."

Mama kweli hakuwa na neno. Jina la Bi Mashuka alibandikwa na wenzake hospitalini, alikofua mashuka na mablanketi ya wagonjwa kwa miaka kumi na sita, nalo likamganda mpaka mtaani. Sebule yake ilikuwa nusu ya chumba kilichokatwa kwa pazia. Nusu ya pili vitanda, na uani mlikuwa na karakana ya mdogo wake wa kiume, fundi wa kuchomelea vyuma. Siku hiyo Bi Mashuka alikuwa akisonga huku na huku akijifanya hasikii, na masikio yote yako kwa vijana.

"Labda taa ya kuendeshwa na upepo," alisema kijana mmoja waliyemwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kumzimia.

"Ipo tayari," alijibu mwenzake. Huyu walimwita Profesa. Alikuwa wa kwanza darasani tangu mwaka wa kwanza, na alikuwa na tabia ya kusahihisha mpaka salamu.

"Jiko la makapi?" aliuliza binti.

"Moshi. Haiwezekani."

"Basi kiti cha kumkanda mtu mgongo!"

"Redio, kuwa mtu mzima."

Wa nne alikuwa msichana. Wenzake walimwita Kimya. Mara mbili alifungua mdomo, mara mbili Profesa akatikisa kichwa kwa wazo la mtu mwingine, naye akaufunga.

Bi Mashuka alikuwa ameshika mtungi wa sukari akipambana na kifuniko. Vifundo vya mikono yake vilikuwa vimevimba, kama kawaida ya mwisho wa wiki, na kifuniko kilimkatalia. Hasira ya kifuniko ikaangukia vijana.

"Wewe Profesa," alisema, "kule kwetu hospitalini mashuka yakishushwa, unajua tunafanya nini kwanza?"

"Mnafua, mama."

"Hatufui! Tunamwaga yote sakafuni. Lenye damu, lenye uji, lililo safi, yote. Ukianza kuchagua yangali ndani ya gunia, utashika moja siku nzima na gunia halitaisha. Mwageni kwanza. Kila mtu amwage alichonacho, hata cha kipuuzi. Kuchambua baadaye. Na atakayesema 'haiwezekani' kabla ya karatasi kujaa, atanisugulia masufuria."

Redio alicheka mpaka akakohoa. Profesa aliona haya, akaangalia chini, halafu, na asifiwe kwa hilo, akachukua kalamu. "Haya. Naandika tu. Semeni."

Wakasema. Mwanzoni kwa aibu, kisha kwa kupokezana, mwisho kwa kugombania. Katika robo saa karatasi ilikuwa na mambo thelathini, mengine ya kumchekesha maiti. Hapo ndipo Bi Mashuka, bado na mtungi wake, akanung'unika, "Mngebuni kitu cha kukamua blanketi mngenifaa. Mashine ya hospitali imekufa mwaka wa nne huu. Tunakamua wawili wawili, huyu ashike ncha hii, yule ile, tunasokota mpaka mikono inalia."

"Yafungeni mablanketi kwenye baiskeli," alisema Redio, "mkimbie nayo mpaka yakauke."

Walicheka. Kimya hakucheka. Aliivuta karatasi taratibu, akachora duara. "Si kwenye baiskeli," alisema kwa sauti ndogo. "Ndani ya gurudumu. Pipa lenye matundu, ndani ya pipa kubwa. Likizungushwa kwa kanyagio, maji yatatoka yenyewe."

Profesa alishika kalamu kama mtu aliyeona nyoka mzuri. "Giya ya mbele meno arobaini na nane, ya nyuma kumi na sita," alisema. "Kila ukikanyaga mara moja, pipa linazunguka mara tatu."

"Na likishaanza kuzunguka na uzito wote huo, litasimamaje?" aliuliza binti. "Mtu akiingiza mkono, linaondoka nao. Lazima breki."

"Lakini blanketi likijikusanya upande mmoja, pipa litarukaruka," alisema Kimya. "Tuligawe vyumba vitatu ndani, uzito ujigawe."

Bi Mashuka aliweka mtungi chini. "Na msinitilie mlango juu. Blanketi lililolowa ukiliinua mpaka kifuani, kiuno kinakuuliza umri. Wekeni mlango ubavuni, hapa." Alijigusa nyonga. "Nivute tu liingie, nivute litoke."

Jioni ile hakuna aliyeweza kusema wazo lilikuwa la nani. Kila mtu alikuwa ameshika pembe yake na kuvuta, na kitu kizima kikainuka.

* * *

Ilichukua wiki saba. Mjomba wa binti, yule fundi wa kuchomelea, aliwapa kona ya karakana yake kwa sharti wasiguse betri yake, na wao wakagusa kila kitu isipokuwa betri. Mapipa waliokota. Baiskeli ilikuwa ya Redio, aliyeitoa kafara huku akiiimbia wimbo wa kuaga. Pipa la kwanza lilipasuka, la pili likaruka kutoka kwenye beringi na kumfukuza mjomba mpaka mlangoni.

"Dada!" alipiga kelele. "Watoto wako wanataka kuniua, na sijaoa!"

Kila kitu kilipokwama walirudi sebuleni na karatasi nyingine. Masharti yalikuwa yaleyale: kumwaga kwanza, kuchambua baadaye. Hivyo ndivyo Kimya alivyolipata komeo la mlango, ambalo husukumwa juu kidogo kabla ya kuvutwa, ili lisifunguke lenyewe pipa linapokimbia. Profesa alikuwa amejifunza kusema, "Endelea, halafu?" na neno hilo lilimbadilisha hata sura.

Siku ya majaribio Bi Mashuka alileta blanketi la wodi ya watoto likiwa linatiririka. Alilivuta likaingia, akasukuma komeo juu, akapanda kwenye kiti cha baiskeli na sare yake, akakanyaga. Pipa lilinguruma. Maji yakachuruzika kwenye mfereji kama bomba limepasuka. Dakika nne baadaye alilitoa blanketi na kuliweka shavuni. Lilikuwa na unyevu tu. Akamkumbatia aliyekuwa karibu, naye alikuwa Profesa, aliyesimama ameduwaa mikono pembeni kama nguzo.

Mwalimu msimamizi alikuja kuiona. Alikuwa mtu wa suruali zenye mikunjo mikali na viatu vya kung'aa, na mpaka siku hiyo hakuwa ameuliza kundi hilo linafanya nini. Aliizunguka mashine mara mbili.

"Hii," alisema, "itatutoa kimasomaso kwenye maonyesho ya vyuo."

Siku ya pili aliwaita wanne ofisini. Juu ya meza kulikuwa na fomu, na kwenye fomu mstari mmoja: Jina la mbunifu.

"Mstari hautoshi," alisema binti. "Tutaandika kwa herufi ndogo."

"Mtaandika wangapi?" aliuliza mwalimu. "Majaji hawataki orodha kama ya wachangiaji wa harusi. Wanataka mtu mmoja atakayesimama na kujieleza. Profesa ana alama za juu na anazungumza vizuri. Ni utaratibu wa fomu tu. Kwenye ripoti mtakuwemo wote."

Profesa alimtazama binti, akamtazama Redio, akatazama mstari. "Ni utaratibu tu?" aliuliza.

"Nimesema."

Akaandika jina lake.

* * *

Bi Mashuka aliitwa kwenye maonyesho. Mwalimu msimamizi alimtumia ujumbe kwa binti: aje na sare, alete mablanketi mawili yaliyolowa, akae pembeni. Aliomba ruhusa kazini, akapiga pasi sare, akafunga kitambaa kipya. Alipofika alionyeshwa mahali pa kusimama, nyuma ya bango.

"Ukiitwa utakanyaga," mwalimu alimwambia. "Kuongea usiongee, mama. Kuna wageni wakubwa."

Aliitwa, akakanyaga. Watu walipiga makofi. Jaji mmoja aliuliza kwa nini mlango umewekwa ubavuni, na Profesa akajibu akiangalia sakafu, "Ni kwa ajili ya urahisi wa mtumiaji." Mtumiaji alikuwa juu ya baiskeli, hatua tatu kutoka hapo, na hakuna aliyemgeukia. Ilipofika wakati wa picha, mpiga picha alimwashiria kwa mkono, asogee, asogee tena, mpaka akawa ametoka kabisa.

Walishinda nafasi ya kwanza. Au tuseme Profesa alishinda. Jina lake lilisomwa kwa kipaza sauti, bila ya wenzake, likifuatwa na la mwalimu, "msimamizi na mwendelezaji wa wazo". Binti aliyekuwa kwenye viti vya nyuma alisimama pale pale.

"Na sisi?"

Watu waligeuka. Mwalimu msimamizi akatabasamu kwa wageni. "Wasaidizi wake wana furaha sana," alisema.

Juma lililofuata Redio na Kimya waliambiwa waandike ripoti zao za mwisho kama wasaidizi wa mradi wa mwenzao. Redio alikuwa na baba mkali, Kimya alikuwa mwoga wa kuzaliwa, waliandika. Binti aliandika, "Tulibuni." Aliandika "tulibuni" mara kumi na tisa, katika kurasa kumi na mbili, na kila sehemu ya mashine akaiandikia mwenyewe wake.

Barua ilikuja siku ya Jumanne. Binti mwenyewe ndiye aliyeileta nyumbani, imekunjwa mara tatu. Bi Mashuka alifuta mikono akaisoma amesimama. Mwanafunzi aliyetajwa alikuwa amenakili mradi wa mwanafunzi mwingine na kujidai kuwa mmoja wa wabunifu. Asimamishwe masomo. Aandike barua ya kuomba radhi kwa mbunifu na kwa msimamizi. Asipofanya hivyo, cheti hatakipata.

"Wamekuita mwizi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mwizi wa nini? Wa mali yako?"

Binti hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia. Alikaa kwenye ncha ya kiti na begi begani, kama abiria.

"Andika tu hiyo barua," mjomba alisema kutoka mlangoni, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Maneno mawili, upate cheti chako, mambo yaishe. Wakubwa hawa hatuwawezi."

"Mjomba, wewe ndiye uliyechomelea miguu ya ile mashine. Umeona jina lako popote?"

"Mimi sihitaji jina, nahitaji uwe na kazi."

"Nikiandika kwamba niliiba, nani ataniajiri?"

Mjomba alikuna kichwa. Akatoka. Punde wakasikia nyundo ikipiga chuma uani, na ilipiga muda mrefu, bila kutengeneza chochote.

* * *

Kikao kilifanyika ofisini kwa mkuu wa chuo, mwanamke mwenye miwani ya mnyororo aliyekuwa akitazama saa yake kila baada ya sentensi mbili. Kulikuwa na yeye, msajili, na mwalimu msimamizi. Yaani mshtaki alikuwa pia hakimu. Bi Mashuka aliachwa kwenye benchi nje mpaka binti yake alipokataa kusema neno bila mama kuwepo. Kiti chake kililetwa kutoka kwa walinzi, nacho kilikuwa kifupi, magoti yakampanda kifuani.

"Mama unafanya kazi gani?" msajili aliuliza, kalamu tayari.

"Nafua. Hapo hospitalini, ng'ambo ya barabara."

"Ahaa," alisema msajili, akaandika.

Binti alieleza yote kwa utaratibu. Alieleza mzaha wa Redio, duara la Kimya, hesabu ya Profesa, breki yake, mlango wa mama. Alieleza kwamba wazo moja lilizaa jingine, na lingekosekana moja, mengine yasingefika.

Mwalimu msimamizi alisubiri amalize. "Umesikia, mkuu? Hata yeye hajui wazo ni la nani. Mara mzaha, mara duara, mara mama. Kitu kilichobuniwa na watu watano hakina mbunifu. Huo ni umbea wa sebuleni. Mbunifu ni yule aliyefanya hesabu."

"Mwalimu," alisema Bi Mashuka, "hesabu inaweza kukwambia mlango ukae wapi?"

"Mama, hili ni jambo la mizunguko na kani. Si jambo la beseni."

Msajili alicheka. Alicheka kidogo tu, kwa pua, kisha akajikohoza. Kwa miaka kumi na sita Bi Mashuka alikuwa ameshika uchafu wa watu, wa maskini na wa wakubwa, akaurudisha ukinukia jua, na hakuna hata siku moja aliyowahi kumcheka mtu kwa alichokikuta shukani.

"Muulizeni Profesa," alisema. "Mwiteni hapa, mbele ya binti yangu, aseme kwa kinywa chake."

"Ameruhusiwa, yuko safarini kupokea tuzo," alisema mwalimu.

"Basi waiteni wale wengine wawili."

"Ripoti zao tunazo," alisema mkuu, akatazama saa. "Wameandika kuwa ni wasaidizi. Binti, una wiki mbili za kuandika barua ya radhi. Kikao kimefungwa."

Binti alisimama. "Sitaandika, mkuu. Shikamoo," alisema, akatoka. Salamu hiyo ya kuagia ilimchoma mkuu kuliko tusi, kwani alibaki mdomo wazi, hajui aitikie au aache.

* * *

Mvua ikaanza wiki hiyohiyo. Ilinyesha siku tano bila kupumzika, na kamba za hospitali zikajaa mablanketi yasiyokauka. Wanawake saba wa chumba cha kufulia walikamua kwa mikono mpaka mmoja wao, mdogo kuliko wote, akaanza kufunga vidole kwa kitambaa ili visitetemeke. Siku ya sita muuguzi wa wodi ya watoto alishuka mwenyewe.

"Bi Mashuka, sina hata blanketi moja kavu. Nimewafunika watoto wawili kwa koti langu."

Bi Mashuka alitazama rundo. Halafu alitazama dirishani, ng'ambo ya barabara, kwenye ukumbi mkubwa wa chuo. Mashine ilikuwa humo. Alikuwa ameiona wakati wa kikao, imezungushiwa kamba nyekundu, imepakwa rangi ya fedha, ina kibao chenye jina moja. Kukamua, haikuwa inakamua chochote.

"Leteni mkokoteni," alisema.

Walivuka barabara wakiwa saba, wamevaa sare na mabuti, wakisukuma mkokoteni wenye mablanketi arobaini yanayotiririka. Mlinzi wa lango alidhani wameleta kitu cha ofisi, akawafungulia. Ukumbini Bi Mashuka alinyanyua kamba nyekundu akaitundika ukutani vizuri, kama mtu anayetundika koti la mgeni.

"Mama, hairuhusiwi kuguswa!" alilalamika mlinzi wa ndani.

"Baba, imetengenezwa na watu wazima ili iguswe."

Akavuta blanketi la kwanza likaingia. Akapanda. Mngurumo ulijaa ukumbi, ukapita madirishani, ukaingia madarasani. Wanafunzi walianza kuchungulia, halafu kuingia, halafu kujaa. Redio alikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Alisimama akaona maji yanavyotambaa sakafuni, akatoka mbio akarudi na ndoo mbili. Hakusema kitu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kimya alikuja nyuma yake na ufagio.

Mwalimu msimamizi aliingia akikanyaga maji kwa viatu vyake vya kung'aa. "Zimeni hiyo mashine! Nasema izimeni!"

"Haina swichi, mwalimu," alisema Bi Mashuka, bila kuacha kukanyaga.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mkuu wa chuo alikuwa amefika mlangoni, miwani ikining'inia. Wakati huohuo, blanketi la nane likiwa ndani, mlango wa pipa uligoma. Rangi ya fedha ilikuwa imeingia kwenye komeo na kulishika. Mwalimu alilivuta, likakataa. Akalivuta kwa mikono miwili, likakataa mbele ya watu.

"Profesa!" aliita. Kijana alikuwa amerudi jana yake na alikuwa amesimama ukutani, amejibana kama mtu anayekwepa jua. "Njoo ufungue. Wewe ndiye uliyelibuni."

Profesa alisogea. Aliinama kwenye komeo, mikono nyuma.

"Silijui hili," alisema.

"Unasemaje?"

"Silijui, mwalimu. Si langu. Ni la Kimya. Aliyelibuni yuko pale na ufagio." Akainuka akawageukia watu. "Na breki ni ya yule mliyemfukuza. Mlango ni wa mama huyu. Kanyagio lilianza kwa utani wa Redio, na chuma ni kazi ya mjomba wa huyo mliyemfukuza. Langu ni hesabu ya meno ya giya. Na hata hiyo nisingeifanya, maana mwanzoni nilikuwa nasema haiwezekani kwa kila kitu."

"Unajua unachokitupa?" mwalimu alinong'ona.

"Najua. Nilijua na siku ile nilipoandika jina. Hapo ndipo niliponyamaza."

Kimya alipita katikati ya watu. Alilikwangua komeo kwa kucha, akalisukuma juu, akalivuta. Likafunguka.

"Mama," mkuu alisema, akitafuta pakavu pa kukanyaga, "tafadhali ondoeni haya maji na mablanketi. Suala hili tutaliangalia upya."

"Lini?"

"Wiki ijayo."

"Na sisi wiki ijayo tutakuja kukamua tena," alisema Bi Mashuka. "Kwa leo yamebaki thelathini na mbili." Akapokea jingine.

* * *

Barua ya pili ilikuja baada ya siku tisa. Ilikuwa na mistari minne. Chuo kimefunga suala hili. Mwanafunzi arejee darasani. Mashine itapelekwa hospitalini kwa matumizi ya muda. Majina ya wabunifu yamerekebishwa kwenye kumbukumbu. Mwalimu msimamizi aliendelea na kazi yake, na mikunjo ya suruali yake haikupungua ukali.

Mjomba alirukaruka uani. "Tumeshinda! Dada, tumeshinda!"

Bi Mashuka aliisoma mara ya tatu, akageuza upande wa nyuma. "Wamesema wapi samahani?"

"Mama, yatosha," alisema binti. "Nimerudishwa. Nitapata cheti. Wacha tu."

"Walikuita mwizi kwa ukurasa mzima, wenye mhuri. Leo wanasema suala limefungwa, kama dirisha."

Asubuhi binti alikwenda darasani. Bi Mashuka alimaliza zamu ya alfajiri, akavuka barabara na sare yake, akaketi kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu. Katibu alimwambia mkuu yuko kikaoni. Alisema atangoja. Saa tano katibu akamwambia mkuu ana simu. Alisema hana haraka. Saa saba mkuu alitoka kwenda kula akampita bila kumtazama, na aliporudi akamkuta palepale, mgongo umenyooka, mikono iliyovimba imelala mapajani. Saa tisa alasiri mkuu alitoka na mkoba wake, tayari kwenda nyumbani. Akasimama. Akatazama saa, halafu akaiacha.

"Unataka nini, mama?"

"Neno moja halikuandikwa kwenye barua."

Mkuu alitazama korido tupu, kulia na kushoto. Alishusha sauti. "Basi samahani, mama. Tulikosea."

Bi Mashuka alitikisa kichwa.

"Si mimi uliyemwita mwizi," alisema. "Yuko darasani, mlango wa pili kushoto. Na wenzake wote wamo."

Mkuu alibadilisha mkoba mkono. Kisha akageuka, akaanza kutembea kuelekea mlango wa pili, na Bi Mashuka akainuka kwenye benchi amfuate, asikie mwenyewe.